Krismasi Nyumbani kwa Fundi Lutengano

Fundi Lutengano tulimzika Mafinga mwezi wa tisa, asubuhi, bila mchungaji na bila nyimbo. Aliacha maagizo machache, kama ilivyokuwa kawaida yake: jeneza la paina lisilopakwa rangi, chakula cha kutosha kwa watakaokuja, na asihubiriwe. Watoto wake walinisimamisha niseme neno, kwa sababu katika wazee waliokuwepo hakuna aliyemfahamu muda mrefu kuliko mimi. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, na katika zaidi ya miaka arobaini ya utumishi sikuwahi kusimama kando ya kaburi nikakosa la kuhubiri. Siku ile nilisema kwamba nilipokuwa kijana niliishi nyumbani kwake mwaka mmoja, kwamba alinilisha na kunivumilia, na kwamba namshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha nikakaa. Naliandika hili mapema ili msomaji asisubiri bure: Fundi Lutengano hakuongoka. Nilimwombea tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, naye alijua, na kila tulipoonana aliniuliza kama bado naendelea. Nikijibu ndiyo, alisema asante kama mtu aliyepewa maji ya kunywa.

Mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo Mbeya, alikuja msibani ili nisiwe peke yangu safarini. Wakati wa kurudi tulikaa stendi kwenye benchi la muuza chai, yeye akisubiri basi la Mbeya na mimi la Iringa. Alimenya yai la kuchemsha, akanipa, akamenya la pili, akabaki amelishika. "Babu," akasema, "nikuulize kitu, na usikasirike?" Nikamwambia nikikasirika ataona. "Mimi siku hizi sisali. Sijui kama naamini. Baba amejua, na amesema kama siendi kanisani nisije kwako Krismasi, eti nitakuwa naigiza. Sasa nije, au nisije?" Nilitaka kujibu palepale, lakini nimejifunza kwa gharama kubwa kutojibu swali hilo kwa haraka. Basi lake likaingia. Nikamwambia nitamwandikia. Akacheka, akasema, "Babu, si utume meseji tu." Nikamwambia jibu hili halienei kwenye meseji. Basi haya ndiyo majibu, mjukuu wangu, nayo yanaanza kabla baba yako hajazaliwa.

Nilifika Mafinga mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, nikiwa nimetoka chuo cha Neno na cheti changu kwenye bahasha niliyoificha ndani ya shati isilowe. Mtaa niliopangiwa ulikuwa na kanisa dogo la mbao karibu na viwanda vya kupasulia magogo, lakini haukuwa na nyumba ya mwinjilisti. Mzee Yeremia, aliyekuwa kiongozi wa wazee wa kanisa, alinipokea na kunionyesha njia, na tulipokaribia lango akasimama. "Kamwene, mwanangu," akaanza upya, ingawa tulikwisha kusalimiana, "chumba tulichokupatia ni kwa mtu asiyesali. Tulitafuta kwingine, lakini huko kwingine paa linavuja." Ndivyo nilivyoanza utumishi wangu, kwa kuchagua paa.

Nyumba ya Fundi Lutengano ilijengwa kwa mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo yanayobaki na magome, ambayo viwanda viliyatupa na mafundi waliyachukua bure. Kuta zilinuka utomvu mwaka mzima, na jua likiwaka utomvu wenyewe ulichuruzika ukanasa kwenye mikono ya shati langu. Kati ya banzi na banzi palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Chumba changu kilipakana na chumba cha kulia, hivyo hapakuwa na neno lililosemwa mezani nisilolisikia, hata nilipokuwa sitaki. Jikoni palikuwa na jiko la maranda: debe lililoshindiliwa unga wa mbao kuzunguka chupa, kisha chupa ikachomolewa na moto ukawashwa kutoka chini. Maharage yaliwekwa alfajiri, na mchana yakakutwa yameiva bila mtu kuyaangalia. Fundi alikuwa mnoaji wa misumeno kiwandani. Siku nzima alishika tupa, akalinoa jino moja baada ya jingine, na ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato. Mke wake alikuwa Rungwe akimlea mtoto mchanga kwa wazazi wake. Alikuja na kuondoka. Aliyekaa naye siku zote ni mama yake, Bibi Tupokigwe, aliyekuwa kipofu, Mkristo wa kweli, na ambaye aliniambia siku ya kwanza kwamba sauti yangu ni kubwa kuliko kifua changu.

Kila Jumapili Fundi alimshika mama yake mkono, akamleta kanisani, akamkalisha benchi la mbele, akatoka. Nje, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na gogo. Alikaa hapo mpaka baraka ya mwisho, kisha akaingia kumchukua. Mimi nilihubiri kwa sauti ya juu ili imfikie nje. Jumapili ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza njiani kama amesikia mahubiri. "Nimesikia," akasema. "Hata waliolala wamesikia." Bibi Tupokigwe akacheka mpaka akasimama.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu akiacha kanisa, tafuta jeraha. Basi nililitafuta jeraha la Fundi Lutengano kwa miezi mitatu. Nilimuuliza nani alimkosea. Akasema hakuna. Nilimuuliza kama kuna mchungaji aliyemwaibisha, au sala iliyokosa jibu, au mtoto aliyefariki. "Nilibatizwa," akasema, huku akisafisha tupa kwa brashi ya waya. "Nikapata kipaimara. Niliimba besi. Halafu siku moja nikagundua kwamba nimeacha, kama mtu anavyogundua kwamba mvua imekatika muda mrefu na yeye bado kashika mwavuli. Hakuna aliyenikosea, Mwinjilisti. Usihangaike." Niliumia zaidi kwa jibu hilo kuliko kama angenitukana. Mtu mwenye jeraha ningejua pa kumfunga.

Jioni, baada ya chakula, nilisikia mazungumzo yao kupitia ukutani. Yalikuwa yaleyale kila siku. "Juba, umeshiba?" Fundi alimuuliza mama yake, kwa maana kwao Rungwe ndivyo mama anavyoitwa. Alisema ameshiba. Kisha mama akauliza, "Leo umeomba?" Naye akajibu, "Sijaomba, juba." "Mimi nimekuombea." "Ndaga fijo," akamshukuru kwa lugha yao. Halafu nilisikia kiti kikisogezwa na taa ikichukuliwa. Hapakuwa na ugomvi wala kejeli. Nilikuwa nimelala kitandani na kitabu changu cha mafundisho kifuani, nikijiuliza mama huyu anawezaje kusema hivyo kila jioni na sauti yake isitetemeke.

Katika nyumba ile mgeni hakukaribishwa kiti kabla ya kupewa kazi. Kazi kubwa ilikuwa mchele. Shabani, dereva wa lori la mbao, alikuwa akishusha mzigo Rujewa na kurudi na mchele wa Usangu, mtamu kweli, lakini uliokaushwa juu ya udongo na kujaa vijiwe. Bibi Tupokigwe aliuchambua kwenye ungo kwa vidole. Alinikalisha karibu naye akaniambia nifumbe macho. "Jiwe jeupe linafanana na mchele," akasema. "Macho yatakudanganya. Vidole havidanganyiki." Nilijifunza. Ilinichukua wiki kadhaa, lakini nilifika mahali ambapo jiwe likipita chini ya kidole changu nilishtuka kama mtu aliyekanyaga msumari. Alikuwa ananisimulia huku tukichambua, na ndipo niliposikia habari za Krismasi ya nyumba ile. Alisema kila mwaka mwanawe hutandaza mbao ndefu uani juu ya magogo, hupika pilau, na anayetaka huja kula. Watu wakitoka kanisani hupitia hapo wote. Nikasema, "Anakufanyia wewe, Bibi." Hakunijibu. Alinipa ungo mwingine. Nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni ndiyo.

Bibi Tupokigwe alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu asubuhi. Fundi alichonga jeneza mwenyewe, akaligusa kila pembe kwa kiganja kuhakikisha hakuna kibanzi kilichochomoza. Mimi niliongoza ibada ya maziko, mara ya kwanza katika maisha yangu kufanya hivyo bila mtu mkubwa kando yangu. Yeye alisimama na kofia mkononi. Hakuimba. Jioni ile sikusikia chochote ng'ambo ya ukuta isipokuwa kijiko, tena mara chache.

Mwezi wa kumi na moja nikamkuta uani akipiga randa mbao mpya, ndefu kuliko zile za zamani. Nikamuuliza ni za nini. "Za Krismasi. Mwaka jana watu walisimama." Sikutarajia. Nikasema, "Mwaka huu pia?" "Mwaka huu pia." "Lakini, Fundi, Bibi hayupo. Sasa unamfanyia nani?" "Watakaokula." Nikamwambia kwa upole, au kwa kile nilichodhani ni upole, kwamba siku hiyo ni ya kuzaliwa Bwana, na kwamba mtu asiyemwamini akiisherehekea anachukua ganda na kuacha tunda. Aliipuliza randa yake vumbi likaruka. "Mimi siku hiyo nimekua nayo," akasema. "Tangu nikiwa mtoto, siku hiyo kwetu tulikula wali, tulivaa nguo mpya, na baba hakumchapa mtu. Unataka nianze kuchapa watu?" Sikucheka. Akaingia ndani, akatoka na ungo na debe la mchele. "Nisaidie hili. Vidole vyangu havisikii mawe." Nikakataa. Nilimwambia kwamba kazi nyingine yoyote nitaifanya, lakini kwa sikukuu hiyo siwezi. "Basi," akasema, akakaa kwenye gogo, akauweka ungo magotini, akaanza kuhangaika nao mwenyewe. Nilimwona akiutazama mchele kwa macho, na nikajua ataacha mawe mengi.

Nataka kuwa mkweli kuhusu yule kijana niliyekuwa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Nilipolipeleka jambo hili kwa Mzee Yeremia, yeye alilisema vizuri kuliko nilivyoweza: "Mkristo akila Krismasi kwa mtu asiyesali, na ikawa tamu, kesho atajiuliza kusali kwenyewe kuna kazi gani." Hilo ndilo lililokuwa rohoni mwangu. Mzee Yeremia alikuwa pia na sababu yake ndogo. Watu walikimbilia pilau ya Fundi, na mnada wa kuku na mahindi ya sadaka nje ya kanisa ukabaki na wanunuzi watatu. Lakini hofu ya kwanza ilikuwa ya kweli, na mpaka leo siidharau. Basi Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu, wakati wa matangazo, nilisoma karatasi niliyoiandika mara nne ili ikae sawa. Nilisema kwamba sikukuu ya kuzaliwa Mwokozi huadhimishwa kanisani na katika nyumba za wanaoamini, na kwamba Wakristo wa mtaa huu hawataenda kuila katika nyumba isiyomkiri. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja. Nilisikia benchi moja likilia mtu alipogeuka kumtazama jirani yake.

Jioni Fundi alinipakulia chakula kama kawaida. Tangu mama yake afariki tulikuwa tunakula pamoja, sisi wawili. "Nimesikia tangazo lako," akasema. Nikasema ndiyo, Fundi. Nikangoja. "Ongeza maharage," akasema. Nikaongeza. Tulikula, halafu akaangalia sahani yangu. "Na haya maharage, Mwinjilisti? Yamebatizwa, au hayahusiki?" Njaa nilikuwa nayo, nikamaliza.

Siku ya Krismasi mvua ilianza alfajiri. Kanisa lilipambwa kwa matawi ya paina kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na harufu yake ilikuwa nzuri mno. Matawi hayo Fundi ndiye aliyeyakata na kuyaleta usiku wa kuamkia, kama alivyofanya miaka yote, akayaacha mlangoni bila kubisha. Nilijua yametoka kwake. Sikuyarudisha. Nikasimama katikati ya matawi hayo nikahubiri juu ya mama mjamzito na mumewe waliofika mji uliojaa wakakosa pa kulala, na nilihubiri vizuri. Mama mmoja alilia. Ibada ilipokwisha watu walitoka wakapita mbele ya lango la Fundi Lutengano wakiwa wameinamisha vichwa, kwa mvua au kwa aibu, na moshi wa pilau ukiwafuata barabarani. Hakuna aliyeingia. Mimi nilizungukia nyuma, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na joho langu lililolowa.

Kwa sababu ya mvua Fundi alikuwa amefunga turubai la lori uani, likashuka mpaka kwenye ukuta wangu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mgeni alikuwa mmoja tu, Shabani.

"Watu wako wapi?" Shabani akauliza.

"Mvua."

"Mvua gani? Mwaka jana walikuja wamejifunika magunia. Ni kweli kijana wako amewakataza?"

"Ametangaza."

"Amesemaje?"

"Wanaosali wasije kula kwa asiyesali."

"Na mimi?"

"Wewe hukutajwa."

Shabani alicheka, halafu akaacha kucheka. "Subiri kwanza. Mimi na Uislamu wangu nakula Krismasi hapa mwaka wa sita, hakuna aliyetangaza. Idd nimeleta nyama nyumba hii, na huyohuyo mwinjilisti alikula mbavu. Alikula mbavu mbili, Lutengano, nilihesabu. Kwa hiyo mwenye dini nyingine ruksa, asiye na dini marufuku?"

"Usinichoshe. Kula."

"Nakula. Lakini sufuria mbili hizi nitazimaliza mimi?"

Mvua iligonga turubai. Kisha Fundi akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza kama mtu ameshiba, "Juba angewasikia wakipita. Angewataja mmojammoja kwa nyayo zao."

Nilikuwa nimejiandaa kujibu hoja. Tangu mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimezipanga hoja zangu kama meno ya msumeno. Kwa neno lile sikuwa nimeandaa kitu. Nilijiona nilivyo: nimekaa chini ya paa la mtu, nimeshiba maharage yake, nimepamba kanisa kwa matawi yake, nimehubiri juu ya mlango uliofungwa, huku mimi mwenyewe nimefunga milango ya mtaa mzima isifunguliwe kuelekea kwake. Zile mbavu mbili nazo zilikuwa kweli. Tena zilikuwa tatu. Moja Shabani hakuiona.

Nikatoka. Meza ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani, mbao nne nyeupe zimeunganishwa, na sahani zimepangwa zikitazama chini zisiingie maji. Wao wawili walikaa mwishoni. Nikasema, "Fundi, nimekosa." Alinitazama tu. "Nisamehe." Akasema, "Mimi nimesamehe. Wali ndio unaopoa. Nenda kawaite." Nikamwuliza kama asingependa twende pamoja. "Hapana," akasema. "Nikienda mimi nitakuwa naomba. Aliyewazuia ni wewe." Shabani akavua koti lake la mvua, lililonuka dizeli, akanivalisha, na hata kofia yake akanipa.

Nilianza kwa Mzee Yeremia kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Nyumba nzima ilikuwa mezani. Nikasema nimekuja kuwaalika kwa Fundi Lutengano. Mzee aliweka kijiko chini. "Na lile tangazo?"

"Nimelifuta, Mzee."

"Tangazo hufutwa Jumapili, kanisani, wazee wakishakaa."

"Jumapili wali utakuwa umechacha, Mzee."

Mmoja wa mabinti zake akatoka mbio kwenda kucheka nje. Mke wake, Mama Yeremia, alikuwa amekwisha kusimama anajifunga kitenge. "Mimi sufuria langu kubwa liko kwake tangu juzi," akasema bila kumtazama mtu. "Lazima nilifuate. Na sufuria siwezi kulibeba peke yangu. Nyie watoto, twendeni." Mzee Yeremia alibaki. Katika nyumba zilizofuata habari zilinitangulia. Wengine walinikuta njiani. Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sauti ya kanisani, "Yako matangazo mengine, Mwinjilisti?" na watu wakacheka barabara nzima, nami ilinibidi nicheke nao. Nyumba mbili zilikataa. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba yeye alikwisha kunitii na hatageuka kila nikigeuka, na alikuwa na haki.

Walikuja. Mvua ilipungua, watoto wakajaa kwanza. Tulipokaa, watu wakanitazama mimi, nami nikamtazama mwenye nyumba. Fundi akavua kofia. "Omba," akasema. "Fupi." Niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba hadharani. Yeye hakufumba macho; najua kwa sababu na mimi sikufumba. Kisha akapakua, na kwenye tonge la tatu nikauma jiwe. Lilivunja pembe ya jino langu la nyuma, na mlio wake Shabani aliusikia upande wa pili wa meza. Fundi Lutengano aliinama kuniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nikaona meno yake. "Hilo ni lako, Mwinjilisti," akasema. "Ulikataa kulichambua."

Mzee Yeremia aliandika barua, kama alivyopaswa. Mwezi wa kwanza mchungaji wa usharika aliniita, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimejuta. Nikasema nimejuta kutangaza; kufuta sijajuta. Akanihamishia Usangu, uwandani, kwenye joto na mbu, ambako nilikaa miaka tisa na nikaoa. Aliyenipeleka na sanduku langu ni Shabani, kwa lori lake, na Fundi alinifungia mkate wa njiani na mbao mbili za paina za kutengenezea meza. Kila mwaka nilipopata nafasi nilipanda Mafinga siku ya pili ya Krismasi, baada ya kumaliza ubatizo wa watoto kwetu. Sikukosa kumwambia kwamba sikukuu yake imepungukiwa na mwenyewe aliyezaliwa. Alisikiliza. Alisema, "Mwambie anakaribishwa," kisha akanipa ungo.

Neema, bado naamini nilivyomwambia. Siwezi kukuandikia kwamba ni mamoja. Anayekula siku ile bila kumjua Mtoto aliyezaliwa anakosa kitu, na kitu hicho kwangu ndicho maisha yangu yote, na nitakuombea ukione, zoea tu. Lakini nilipokuwa kijana nilidhani nimepewa siku ile niilinde, kama karani wa ghala aliyepewa ufunguo. Sikupewa. Katika miaka yote hii sijaona Krismasi iliyoharibiwa na mtu asiyesali aliyekula kwa furaha na kumkaribisha jirani. Niliyoiona ikiharibika ni moja, na niliiharibu mimi, niliyesali asubuhi ileile. Baba yako anaogopa utaigiza. Namwelewa, ni hofu yangu ya zamani, ameirithi. Lakini Fundi Lutengano hakuigiza hata siku moja. Hakuimba wimbo asioamini, wala hakufumba macho ili nimwone. Kama ungekwenda kanisani kwa kuamriwa, ukafumba macho ili baba yako asikuone umefumbua, huko ndiko kungekuwa kuigiza. Hayo nimekwisha kumwambia kwa simu. Akaniuliza kama jino langu bado linauma. Halijauma siku nyingi. Ulimi tu ndio hupita pale, kila ninapokula wali.

Basi njoo. Njoo tarehe ishirini na nne mchana, bibi yako ana kilo kumi za mchele wa Rujewa na macho yake hayaoni vizuri tena. Najua utasema mchele wa siku hizi unapita mashineni na hauna mawe. Njoo hivyohivyo. Ungo wako nimeshautafuta.